Nahodha na Rundo la Magugu Maji

Miaka yote aliyoendesha kivuko, Nahodha alikuwa na adui mmoja: magugu maji. Yalijisokota kwenye propela, injini ikazima katikati ya ziwa, abiria wakamtupia maneno. Alipostaafu, watu walidhani atajikalia barazani anywe chai. Kesho yake alionekana majini mpaka kiunoni, anayang'oa na kuyapakia kwenye toroli.

"Unayapeleka wapi hayo?" mkewe akamuuliza.

"Bustanini. Ile ardhi yetu imechoka, haioteshi hata mchicha. Nataka kutengeneza mboji."

Aliyarundika nyuma ya nyumba yakiwa mabichi, yanachuruzika maji. Haikupita wiki rundo likanuka hadi majirani wakafunga madirisha. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alifungasha nguo akahamia kwa binti yake mdogo, ng'ambo ya barabara.

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu," alimwambia kwa upole, kaziba pua kwa khanga. "Nataka kupumua tu."

Nahodha aliona haya. Akaenda kuuliza kwa jirani mfuga mbuzi, naye akacheka sana kabla ya kujibu.

"Yamejaa maji, hewa haipiti. Yaanike kwanza yanyauke, uyakatekate, uchanganye na majani makavu na samadi. Na uwe unaligeuza rundo."

Akaanza upya. Alianika, akakata kwa panga, akapanga tabaka juu ya tabaka, akageuza kwa uma wa bustani mpaka mgongo ukamuuma. Harufu ikaisha. Asubuhi moja ya baridi rundo likawa linafuka mvuke, na yeye kachuchumaa nyuma yake akilipima joto kwa mkono. Ghafla akamwagiwa ndoo nzima ya maji.

"Mungu wangu, ni wewe?" Mama mkwe alisimama na ndoo tupu, anahema. "Nimeona moshi, nikajua nyumba inaungua."

"Hakuna moto, mama. Ni joto la mboji," alisema Nahodha, maji yakimtiririka kidevuni. Kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Jioni hiyo mama mkwe alirudisha nguo zake. Mboji ilipoiva, nyeusi na laini, aliipokea yeye mwenyewe akaichanganya na udongo. Mchicha ukaota mnene, nyanya zikalemea vijiti. Siku hizi kila asubuhi wanabishana bustanini: Nahodha anataka kabichi, mama mkwe anataka biringanya. Mpaka sasa zimepandwa biringanya tu.