Bomba la Mwanzi kwenye Mashua ya Vyungu

Juzi nilishuka Lyulilo siku ya soko, baada ya miaka mingi ya kukaa Ndandalo kwa watoto wangu. Miguu yangu haina haraka tena, kwa hiyo nilikaa mchangani nikatazama vyombo vikipakuliwa. Kijana mmoja alikuwa ndani ya mashua ya injini iliyojaa vyungu mpaka juu. Alibonyeza kitu fulani, na maji yaliyokuwa chini ya mashua yakaanza kutoka yenyewe kwa mpira mweusi, naye ameegemea ubavuni anakula ndizi ya kuchoma. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu niliyeshuka naye akaniuliza kama nimemwona mtu ninayemfahamu. Nilimjibu kwamba nimewaona wawili, na wote ni marehemu. Sogea basi, ndugu yangu, nikusimulie na wewe.

Ilikuwa zamani za Mjerumani, kabla vita havijafika ziwani. Nilikuwa binti wa kuweza kubeba maji kichwani bila kushika chungu kwa mkono. Kwetu Lyulilo milima inashuka mpaka majini, imesimama kama ukuta, na mtu akitaka kulima hana pa kukanyagia jembe. Shamba letu lilikuwa udongo wa kufinyanga. Asubuhi uliamshwa na mlio wa viganja vya akina mama vikipigapiga chungu kibichi, pa, pa, pa, nyumba hadi nyumba, na jioni moshi wa kuchomea vyungu ulituingia nguoni pamoja na harufu ya dagaa wa usipa waliotandazwa juani. Vyungu vilipelekwa kwa mitumbwi mpaka Mwaya, kwa wakulima. Bei yake ilikuwa rahisi: mnunuzi alikijaza chungu mahindi au maharage, akamwaga kwenye kikapu chako, akaondoka na chungu. Kwa hiyo chungu kilichozama ziwani hakikuwa chungu tu. Kilikuwa chakula cha watoto.

Na mwaka uliotangulia vilizama vingi. Jirani yetu, mfinyanzi mwenye mdomo mwepesi kuliko wote pwani ile, alipinduka na mtumbwi akaokoka yeye na kibuyu cha kuchotea maji. Baada ya hapo akina mama waliogopa kupakia mitumbwi, na njaa ikatuzoea.

Misheni palikuwa na mashua ndogo ya tanga, imelazwa mchangani kwa kuwa ilivuja. Babu yangu mzaa baba, seremala wa misheni, aliiziba mara nyingi kwa pamba na mafuta ya nyonyo, lakini ubao wake ulikuwa umechoka, maji yalipenya polepole siku zote. Mashua ikiwa tupu unayachota kwa kibuyu. Ikijaa vyungu huyafikii, maana yako chini, chini ya mzigo wote, na ukisema uvitoe vyungu uchote, utaviweka wapi katikati ya ziwa? Mchungaji wetu Mjerumani aliamua ivunjwe, mbao zake ziwe mabenchi ya shule.

Babu alimwomba muda mpaka mwezi mwandamo. Zamani alikuwa amefanya kibarua kule ilikoundwa meli ya serikali, akaona kitu cha chuma kinachonyonya maji kutoka tumboni mwa meli. Watu wa pwani ya bahari waliofanya kazi naye walikiita bomba. "Chuma sina," alimwambia mchungaji, "lakini mianzi ninayo."

Alikwenda kwao juu, kwenye migomba ya Wanyakyusa, akarudi na mwanzi mnene kama paja la mtoto. Alitoboa vifundo vyake vya ndani kwa nondo iliyowekwa motoni mpaka ikawa nyekundu, moshi ukamtoa machozi. Mwanzi aliufunga kwa kamba za magome na kuupaka nta ili usipasuke. Ndani yake alitia mpini wenye kizibo cha mti kilichovikwa ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye samli. Chini kabisa aliweka kilango cha ngozi kinachofunguka kwenda juu tu: ukivuta mpini, maji yanaingia, ukiusukuma, kilango kinajifunga na maji hayarudi, yanapenya kando ya ngozi mpaka juu ya kizibo, na ukivuta tena yanamwagika nje. Alitoboa kiti cha katikati ya mashua, nyuma ya mlingoti, akaupitisha mwanzi mpaka ukagusa mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, akaukaza kwa kabari na kamba. Mimi nilimshikia kamba, na harufu ya samli na ngozi ile mpaka leo naijua.

Sasa lazima nikueleze jambo moja, la sivyo hutaelewa yaliyobaki. Kwetu mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mama akimwona babu anakuja, alijifunika na kuchepuka porini, hata kama ana mzigo kichwani. Hakumtazama, hakutaja jina lake, hakuzungumza naye hata neno. Baba alikuwa amechukuliwa kujenga barabara za serikali, msimu wa pili ule. Kwa hiyo kila neno kati ya babu na mama lilipita kwangu. Nilikuwa mdomo wa wawili wale.

Siku ya kulijaribu bomba, pwani ilijaa watu. Babu alimwaga maji ndani ya mashua, akapanga vyungu vimefungwa majani makavu ya migomba kama kawaida, akaanza kuvuta. Maji yalitoka! Akina mama walipiga vigelegele. Mara ya nne mpini ukakwama. Babu alilichomoa bomba, akakuta vipande vya majani vimeziba kilango. Alivitoa, akarudisha, likaziba tena. Na tena.

"Mwaya tutafika kwa miguu," jirani alisema, watu wakaangua kicheko.  Babu alikaa kwenye ukingo wa mashua akitazama viganja vyake.

Nilikimbia nyumbani nikamweleza mama. Alikuwa anafinyanga. Mkono wake haukusimama, ukazunguka chungu, ukazunguka, kisha akasema, "Kamwambie babu yako anipe kipimo cha mguu wa bomba."

Nilirudi na uzi wa gome wenye fundo. Mama alifinyanga kijichungu chembamba, akakitoboa matundu madogo madogo kwa mwiba wa nungunungu, mwili mzima. Cha kwanza kilipotoka motoni kilikuwa kidogo mno, maana udongo hunywea. Cha pili alikiongeza upana wa kidole. Kikaingia kwenye mguu wa mwanzi kama kofia kichwani: maji yanapita, majani yanabaki nje.

Babu alikigonga kwa ukucha, kikalia kama kengele.  "Kamwambie aliyefinyanga hiki: fundi amekutana na fundi. Ndaga fijo, asante sana." Nilipomfikishia mama, aliinama juu ya udongo wake ili nisimwone anavyotabasamu.

Tulisafiri asubuhi, babu kwenye usukani, akina mama wanne na makafi yao mbele, na mimi katikati kwenye bomba. Mama alikaa mbele kabisa, amempa babu mgongo, na vyungu vilivyopangwa kati yao vilikuwa ukuta. Jirani naye alikuja. Alikikumbatia kibuyu chake. "Bomba mnalo ninyi," alisema, "mimi ninacho hiki."

Tulipofika nusu ya njia, mwera uliamka. Ule upepo wa kusini hauna hodi. Ziwa lilibadilika rangi, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni na kuturushia maji ndani. Babu aliniamuru nivute, nikavuta. Maji yalitoka kwa kishindo, lakini yaliingia kwa haraka zaidi. Nilisikia vyungu vikigongana, na mashua ikawa nzito, inachelewa kuinuka kila wimbi lilipokuja.

Babu alikuwa ameinama akipambana na tanga lililomfunika uso. Hakuliona wimbi kubwa linalokuja. Mama aliliona. Amezaliwa majini, watu wa kwao wanalijua ziwa kuliko nyumba zao. "Mwambie babu yako aielekeze pua kwenye mawimbi!" alinipigia kelele. Nilifungua mdomo nikameza maji. Nilikohoa, mikono imeng'ang'ania mpini, sauti haikutoka. Mama aliita tena. Nilitikisa kichwa tu, machozi yakinitoka.

Ndipo mama, bila kugeuza uso, akajifunika shuka lake, akapaza sauti mpaka ikapita juu ya vyungu vyote:

"Baba! Shusha tanga! Geuza pua, ikabili mawimbi!"

Akina mama walisahau mawimbi. Jirani aliachama kinywa. Nakwambia, kama mashua ingepasuka wakati ule wasingeshtuka zaidi.

Babu alilishusha tanga na kuusukuma usukani kwa mwili wake wote. Pua ikageuka, wimbi likaja, likatuinua juu, juu, likatuteremsha ng'ambo yake, na tone halikuingia. Mama akaanza kuimba wimbo wa makafi, wenzake wakamfuata, wakaishikilia mashua ikikabili upepo. Mimi nilivuta kwa kufuata wimbo wao. Mikono iliniuma, kisha ikafa ganzi, kisha nikaacha kuihisi. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua tu kwamba wakati fulani niliuvuta mpini ukakoroma, ukatoa pumzi tupu.

"Babu, limeharibika!" nililia.

Babu alichungulia chini kati ya vyungu, akaanza kucheka. "Halijaharibika, mjukuu wangu. Maji yamekwisha!"

Tuliingia Mwaya tanga limejaa, akina mama wanapiga vigelegele kabla hata ya kufika. Wakulima waliokwisha sikia kwamba mwera umepita walikuwa wamesimama ufukweni wakitafuta mbao zetu majini. Badala ya mbao waliona vyungu vinateremshwa, kimoja, kingine, na kingine, na kimoja tu kilikuwa kimepasuka mdomo. Tulirudi siku ya tatu mashua imejaa mahindi. Mchungaji alikuja ufukweni, akaingiza mkono kwenye kikapu cha chini kabisa, akatoa konzi ya punje, akaipuliza. Ilikuwa kavu. Alimtazama babu, akasema kwa Kiswahili chake kigumu, "Mabenchi yatasubiri." Usiku ule hakuna mtoto Lyulilo aliyelala na njaa, na jirani alimpa mbuzi wake kile kibuyu anywee maji.

Lakini mdomo wa jirani haukutulia, na habari ikawafikia wazee. Mkwe kupaza sauti kwa baba mkwe lilikuwa kosa la kulipwa kwa kuku na pombe, na aibu juu yake. Walikuja kwa babu wakauliza kama ni kweli. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, nilimsikia ameacha kutwanga.

"Ziwani nilisikia mwera tu," babu alisema. Akafikiri kidogo. "Na siku ile mwera ulisema kweli."

Wazee walitazamana, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao.

Mashua ile ilitubebea chakula misimu mingi, mpaka vita vilipokuja, askari wakaichukua na hatukuiona tena. Babu alifariki, mama akamfuata. Leo wake za wanangu wanakaa na baba mkwe wao wakizungumza na kucheka, na sioni ubaya. Si kila kilichopotea ninakililia. Kinachonijia mara kwa mara ni kitu kingine. Baada ya safari ile mama hakusema na babu tena hata neno moja, mpaka tulipomzika. Ila kila mwaka, vyungu vya kwanza vilipotoka motoni, alivigonga vyote kwa ukucha, akasikiliza, akachagua kilicholia vizuri kuliko vingine, akanitwika kichwani.

"Peleka," aliniambia.

Hakuwahi kusema kwa nani, nami sikuwahi kuuliza.