Kurasa Kumi na Sita za Mama Pacha

Gundi alianzia biashara yake chini ya ngazi za jengo la idara, kwenye kijichumba kilichokuwa cha mafagio, ambamo mtu mrefu akiingia bila kuinama alitoka na nundu. Mtaji wake ulikuwa mashine ya kukatia karatasi na kibanio cha chuma alivyopewa na shangazi yake, mpiga chapa mstaafu, pamoja na kopo la gundi nyeupe lililompa jina. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea uchumi, somo alilolielewa vizuri zaidi akiwa nje ya darasa.

Wazo lenyewe halikumshukia kutoka mbinguni. Aliona foleni. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi wa mwaka wa tatu walijipanga nje ya duka la vifaa karibu na geti, wamekumbatia ripoti zao za utafiti kama watoto wachanga wanaopelekwa kliniki, na mwenye duka akifunga saa kumi na moja kamili hata kama mtu analia. Gundi akajiuliza: hawa wote wakitoka hapa wanakwenda wapi? Ofisi ya idara. Basi duka lihamie chini ya ngazi za idara. Mlezi wa wanafunzi alimsikiliza, akacheka, akampa ufunguo wa mafagio.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Pacha, mwanafunzi mtu mzima kidogo, mwenye watoto wawili wa miaka mitatu waliozaliwa siku moja na hawajawahi kukubaliana jambo lolote tangu siku hiyo. Alileta ripoti yake ya mafunzo kazini. Gundi akaibandika jalada upande, ikawa kama kofia ya mlevi. Mama Pacha aliitazama, akamtazama Gundi, akasema, "Mdogo wangu, rudia. Mimi nitakaa hapa mpaka uipatie." Akakaa. Ya tatu ikanyooka. Kesho yake akaja na darasa zima.

Sasa mwaka mmoja ulikuwa umepita, na ripoti ya mwisho ya Mama Pacha ndiyo iliyokuwa inamtafuna Gundi ndani kwa ndani.

Kosa lilitokea siku ya mwisho ya kukusanya. Ripoti thelathini na nane, na wenyewe wamejaa mlangoni wanahema kama wamefukuzwa na mbwa. Shangazi alikuwa amemfundisha mambo mawili, akayarudia hadi yakachosha. Kwanza, kila ripoti ifungwe mpira kabla hujaiweka mezani. Pili, kabla ya kupaka gundi, soma neno la mwisho la kila ukurasa uone kama linashikana na neno la kwanza la ukurasa unaofuata. "Usiniambie umehesabu namba," alikuwa anasema. "Namba kila mtu anazo."

Siku ile mipira iliisha kabla ya saa tatu. Kusoma maneno kulikuwa kunamla dakika kumi kwa kila ripoti, akaacha. Na ili gundi ikauke haraka, akawasha feni, kitu ambacho shangazi angemfukuzia mpaka barabarani. Feni ikazoa ripoti mbili ikazimwaga sakafuni: ya Mama Pacha, na ya jamaa mmoja waliyemwita Mnara kwa sababu ya urefu wake. Wote wawili waliandika juu ya hasara za wauza mboga sokoni, chini ya mwalimu mmoja. Chuo kilitaka herufi za aina moja, ukubwa mmoja, karatasi za aina moja; kwa kuzitazama tu, ripoti zile zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Gundi alipiga magoti, akaokota, akazipanga kwa namba. Moja mpaka sabini. Moja mpaka sabini na mbili. Zikatimia. Akapaka gundi, akabana, akakata kingo.

Mama Pacha alichukua yake saa sita, akalibusu jalada, akaikimbiza ofisini, kisha akawahi watoto. Mnara ndiye aliyekuwa mtu wa kupekuapekua. Alirudi jioni, akainama mlangoni.

"Oya, Gundi. Hizi kurasa siyo zangu."

"Unajuaje?"

"Mimi sijui kuandika vizuri hivi."

Ukurasa wa thelathini na moja mpaka wa arobaini na sita. Gundi alicheka, akachapa upya kutoka kwenye flashi ya Mnara, akaibandika upya. Kurasa kumi na sita alizozitoa akazitia kwenye boksi tupu la karatasi chini ya meza, akalisukuma ndani zaidi kwa mguu, kwa sababu alijua zilipo zile nyingine kumi na sita. Zilikuwa juu, ghorofa ya pili, ndani ya jalada lenye jina la Mama Pacha.

Angepanda tu. Angesema, jamani, nimechanganya. Lakini foleni bado ilikuwepo, na habari ya kijana anayechanganya ripoti za watu ingefika mabwenini kabla yake. Akajifariji: kwani nani anasoma katikati ya ripoti? Walimu wanasoma jina, shukrani na hitimisho. Lilikuwa tusi kwa walimu wote wa chuo, na mmoja wao alikuwa ameamua kusoma katikati.

Baada ya wiki mbili Mama Pacha aliingia kijichumbani, macho mekundu, akavuta boksi lile lile kutoka chini ya meza, akalikalia.

"Mdogo wangu, wananiambia nimeiba kazi ya Mnara. Kurasa kumi na sita, neno kwa neno."

"Makubwa!" alisema Gundi.

"Nimewaonyesha faili langu kwenye kompyuta. Wanasema faili mtu anaweza kulirekebisha hata jana. Mnara naye yuko kwao kijijini tangu akusanye, simu haipatikani. Alhamisi saa nne naitwa mbele ya kamati. Wakinikuta na hatia, narudia mwaka, na mama yangu ameshasema watoto atanishikia mwaka huu tu, magoti yamemshinda. Nikirudia ndiyo basi tena." Akafuta pua. "Wewe ulipokuwa unabandika, hukuona kitu?"

Gundi alikuwa na jibu limekaa chini ya makalio ya aliyeuliza. Akachukua brashi, akaanza kuisafisha, na ilikuwa safi.

"Dada, mimi nabandika tu. Sisomi kazi za watu."

Mama Pacha akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi. Tulikuwa tunabadilishana notisi na Mnara. Nilikuwa naandika huku mmoja ananivuta sikio, mwingine anamwaga maji kwenye kitanda. Labda nilichukua maandishi yake nikasahau. Sijui. Kichwa changu kimekuwa gunia la takataka."

Alipotoka, Gundi alibaki ameshika brashi. Kumdanganya mtu ni jambo moja. Kumwona anaukubali uongo wako, anautafutia sababu, anauvaa mwenyewe kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, hilo lilimkosesha chakula siku tatu.

Na kana kwamba haitoshi, Mlezi wa wanafunzi akampigia simu. Alhamisi, saa tatu na nusu, ukumbini, wanafunzi wa mwaka wa kwanza mia mbili. Mada: mwanafunzi anavyoweza kuanzisha biashara yake. "Wewe ndiye mfano wetu hai," alisema Mlezi. Gundi akaitikia. Mfano hai angekataaje?

Alhamisi alisimama mbele yao na shati la kuazima, na lo, alikuwa anaongea vizuri. Aliwaambia wasisubiri mtaji, waangalie foleni. "Foleni ni watu waliokwisha kukubali kununua, wamekosa tu mtu mwenye haraka." Wakacheka. Aliwaambia waanze na kitu kimoja wakijue, waombe vifaa kwa ndugu waliostaafu, wasimfanyie rafiki bure, maana rafiki wa bure harudi kulalamika, anakwenda kulalamika kwa wengine. Wakapiga makofi. Kila kofi lilimwingia kama maji kwenye kiatu kilichotoboka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia nne.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kalamu. "Kaka, mteja wako wa kwanza ulimpataje?"

Gundi akaanza kuisimulia ile ya jalada la upande, kofia ya mlevi, rudia, nitakaa hapa. Ukumbi ulikuwa mikononi mwake. Kisha akafika pale pa kusema mteja huyo yuko wapi sasa, akaitazama saa.

"Yuko ghorofa ya pili sasa hivi," alisema, "anajitetea kwa kosa langu."

Wakaangua kicheko. Alikuwa amewachekesha nusu saa nzima, wangejuaje? Gundi akawatazama wanavyocheka, akaweka kipaza sauti mezani, akatoka.

"We Gundi! Bado dakika ishirini!" Mlezi akamfuata mpaka mlangoni.

Hakugeuka. Alipita kijichumbani, akachomoa kurasa kwenye boksi, akapanda ngazi mbili mbili. Kamati ilikuwa imechelewa, kama kamati zote. Mama Pacha alikuwa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti.

"Hizi ni zako," Gundi alisema. "Feni ilizimwaga. Nilipanga kwa namba."

Alizipokea, akasoma wa kwanza, akasoma wa pili. Kidole chake kikasimama kwenye sentensi aliyoikumbuka.

"Umezipata lini?"

"Siku ile ile. Jioni."

"Nilipokuja kukuuliza..."

"Ulikuwa umezikalia."

Hakuna aliyecheka. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wote wawili bila Gundi kuitwa. Aliieleza kamati kila kitu, na mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, alipouliza swali lile lile la lini, alijibu vile vile. Mnara, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka kijijini kwa wito wa kamati bila kujua kisa, akaitwa, akainama mlangoni kwa mazoea, akathibitisha. Mama Pacha akafutiwa shtaka na kuambiwa alete nakala sahihi ndani ya wiki. Gundi akaambiwa arudishe ufunguo siku hiyo hiyo, na kwamba lake litatafutiwa kikao. Hakubisha. Alikuwa anangoja kujisikia mwepesi, akaona wepesi hauji.

Koridoni, kwenye benchi lile lile, Mama Pacha alikuwa anazipanga kurasa zake ndani ya mkoba, moja moja, akisoma neno la mwisho na neno la kwanza.

"Siku zote hizi," alisema bila kumtazama. "Nimemwomba radhi mama yangu kwa wizi nisiokumbuka kuufanya. Amenisamehe. Unajua inavyouma kusamehewa kitu hukufanya?"

"Nisamehe, dada."

"Usiniite dada kwa sasa."

"Nikuite nani?"

"Usiniite."

Akafunga mkoba, akaondoka. Alikuwa anakwenda lile duka la karibu na geti; Gundi alijua, kwa sababu hakukuwa na kwingine. Alitaka kumwambia kwamba saa hizi foleni ni ndefu, awahi, yule mzee anafunga saa kumi na moja hata mtu akilia. Lakini Mama Pacha aliyajua hayo yote, na zaidi ya hayo Gundi alikuwa ameambiwa asimwite. Akakaa kwenye benchi lililokuwa bado na joto lake, akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi.