Mikebe ya Upande wa Goli

Kazi yangu ni kupima maji ya sprinkla, zile za kunyunyizia nyasi, kwenye viwanja vya michezo, na mgongo umeshachoka nayo. Unapanga mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia uwanja mzima, kila mmoja umeegemezwa jiwe usibebwe na upepo. Unafungulia maji nusu saa. Halafu unainama, mkebe baada ya mkebe, unapima kina kwa rula. Huku yakiwa mengi na kule kidogo, basi mitambo ndiyo mibovu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye shule moja Kitengela. Nyasi za goli la chini zilikuwa zimekauka kabisa, na mwalimu mkuu alishajiamulia ni uvivu wa mtunza uwanja.

"Maji yanafika kote. Ni yeye hafungulii. Ukinipea hiyo ripoti, mwisho wa mwezi anaenda."

Mtunza uwanja mwenyewe, mzee kutoka Ukambani, alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi, akisikia yote. Mimi nilikuwa nimeona sprinkla za goli zimeziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Nikajua mikebe itamtetea. Sikumwambia, niliona hakuna haja. Nikafungulia maji, nikaenda kukaa kwa gari, maana miguu ilikuwa inawaka.

Niliporudi, maji yalikuwa sawa kwenye mikebe yote. Sawa kabisa. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kuona kitu kama hicho. Mzee alikuwa anatabasamu, jagi la plastiki mkononi.

"Injinia, hizo za goli zilikuwa na maji kidogo sana. Nikaongeza, ndio nisifutwe."

Nilikasirika. Alidhani ni yeye anayepimwa. Sasa mikebe ilikuwa inasema mitambo ni mizima, kwa hivyo mvivu ni yeye. Na mwalimu mkuu huyo, anakuja. Akachungulia miwili mitatu.

"Si nilikuambia?"

Nikitaja jagi, mzee ni mwongo. Nikinyamaza, ni mvivu. Nikasema nimekosea mimi, nimepanga vibaya, nitarudia kesho. Akaniuliza kama kweli hii kazi naijua. Nikaanza kukusanya mikebe.

Kesho yake nikatoka tena nyumbani Kajiado alfajiri, sina nguvu hata ya kunywa chai. Safari hii sikukaa kwa gari. Mwalimu mkuu nilimsimamisha karibu na goli ajionee mwenyewe. Mikebe ya huko ilipata maji ya kulowesha chini tu.

Mzee alikuwa ameketi mbali, juu ya jiwe, mikono yote miwili ameikalia. Hakuitoa mpaka mwalimu mkuu alipomwita aje afungue zile sprinkla zisafishwe.