Pombe Yangu ya Kumtangulia Bi Mkubwa

Sasa hivi nacheka nikikumbuka, lakini wakati ule sikucheka. Wivu ulinijaa. Miaka ile ya sabini niliolewa mke wa pili, huku milimani juu ya Ilula, nimetoka Kyela kwenye joto. Bi mkubwa nilimkuta na watoto watano na kila kitu chake kiko mahali pake. Kuni za masika kazipanga ukutani tangu kiangazi. Mbegu zinaning'inia juu ya moshi. Mimi mvua ikishaanza ndiyo nakumbuka kuni, naenda kuomba kwake. Ananipa, hanisemi hata neno. Hilo ndilo lililoniuma! Angenisema ningepata la kujibu.

Na mume wetu naye, kila akija kula kwangu: "Mwenzako bwana, anajua kuangalia mbele." Mdomo umejaa ugali wangu!

Huku watu wanalima vinyungu, bustani za bondeni. Unapandisha matuta kiangazi, udongo ukiwa bado na unyevu, ili Januari ghala likiisha ule mahindi mabichi. Ukichelewa bonde linakauka, jembe linagonga kama sakafu. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na kinyungu hicho ndiyo Januari yetu. Peke yako matuta huwezi. Unapika pombe, unaita watu, wanalima mpaka mchana halafu wanakunywa.

Siku moja bi mkubwa kaja mlangoni kwangu.

"Mdogo wangu, mimi nimewaita watu Alhamisi ya wiki ijayo. Wewe chukua Jumatatu inayofuata, tupokezane. Kimea nimeshaloweka, nitakugawia."

Maneno mazuri, si ndiyo? Mimi nilisikia moja tu: wewe nyuma yangu.

"Asante dada, nina siku yangu."

Nikapita nyumba kwa nyumba nikawaita watu Jumatano, siku moja kabla yake. Nilitaka Alhamisi wafike kwake wamechoka, vichwa vinawauma. Loo, nilivyojipongeza!

Sasa kwetu Kyela pombe unaikoroga leo, kesho kutwa watu wanaimba. Nikahesabu vidole vyangu kwa hesabu ya Kyela. Kumbe huku mwezi wa saba asubuhi majani meupe kwa barafu! Kimea kikagoma kuota, nikakifunika na kitenge changu cha harusi, wapi! Nikakisaga hivyo hivyo. Jumanne jioni nikaonja: tamu. Nikasogeza chungu karibu na moto. Jumatano alfajiri nikaonja tena: tamu, kama uji wa mtoto.

Watu wakaja, wengi kweli. Wakalima matuta manne kwa nyimbo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wetu, akasema ana kiu, apewe kata moja aonje. Akanywa. Akaitazama ile kata.

"Shemeji, hii umetupikia sisi au kliniki?"

Wakaangua kicheko. Mama mmoja akadakia, "Kunywa tu baba, utaota meno!"

Wakanywa kikombe kimoja kimoja kwa heshima, wakaweka majembe begani, wakaondoka. Matuta manne, na bonde lililobaki linanitazama.

Alhamisi nilikaa mlangoni nasikiliza nyimbo za kwa bi mkubwa. Hawakuchoka hata kidogo, nani atachoka kwa togwa? Niliomba mvua inyeshe, mwezi wa saba huo! Niliomba mitungi yake ipasuke. Haikupasuka.

Jioni nikamwona anakuja, taratibu, jembe mkononi. Nikasema haya, leo atanisema.

"Mdogo wangu, pombe yako bado ipo?"

"Ipo. Umekuja kucheka?"

"Hebu sikiliza."

Tukainama. Chunguni kulikuwa kunafurukuta, puu, puu. Pombe ya Jumatano imeamka Alhamisi.

"Jumamosi itakuwa kali," akasema. "Huku baridi nayo inataka siku zake. Wewe anza na siku ya kunywa, halafu hesabu kurudi nyuma, na kila hatua, kuloweka, kusaga, kukoroga, ongeza siku mbili. Watu watarudi Jumamosi, nimeshawaambia."

"Umewaambia saa ngapi?"

"Walipokuwa wananywa kwangu. Mtu akishalewa hakatai kazi."

Umeona mwanamke huyo? Hata huruma yake kaipangia muda! Nilishukuru, lakini nimeuma meno.

Jumamosi walirudi, matuta yakaisha yote. Na pombe ile, shemeji yule wa kliniki tulimwokota kwenye mtaro.

Januari ilipofika ghala langu likabaki vumbi, na kinyungu changu mahindi bado machanga. Ya kwake yalikuwa tayari, si mbegu zake zilimngoja juu ya moshi, na mimi matuta yameisha ndiyo nikahangaika wiki mbili kutafuta mbegu? Akaniletea kapu. Nikachoma hindi, nikala nimenuna. Lilikuwa tamu. Nikachoma la pili. Wiki mbili baadaye ya kwangu yakakomaa, na mimi nikajaza kapu lile lile, nikachagua mahindi manene kuliko ya kwake, nikampelekea. Akapokea, akashukuru. Nikabaki nimesimama.

"Mwaka huu watu wa vinyungu utawaita lini?"

"Ee mdogo wangu! Si tupo mwezi wa kwanza?"

"Najua ni mwezi wa kwanza. Wewe niambie siku."