Tawi Kubwa la Madungu

Ridha ni fundi wa feni na pasi hapo Madungu, kisiwani Pemba, na ufundi huo anauweza ikiwa chombo chenyewe si kibovu sana. Wateja wakikosekana, na hukosekana sana, hujikunja kwenye kiti na simu yake akitazama habari za wafalme wa Ufaransa. Si wote. Ukoo wa Bourbon tu: jinsi Henri wa Nne alivyoufikisha kwenye kiti cha enzi, jinsi Orléans, tawi la mdogo, lilivyokinyakua kiti hicho mwaka 1830, na jinsi tawi jengine lilivyokwenda kutawala Hispania. Ukimpelekea pasi, utarudi nayo mbovu vile vile, na hadithi za wafalme watano walioitwa Luis juu yake.

Usidhani anapenda elimu. Marehemu baba yake alikuwa na wake wawili. Ridha ni wa mke mkubwa. Hamdan na Rahila ni wa mdogo. Basi akajipa cheo: yeye Tawi Kubwa, wale Tawi Dogo.

Rahila alipoposwa, Ridha alishonesha joho la kuozeshea kabla hajaulizwa kitu. Kikao kikakaa kwa shangazi yao, Bi Mwanapili.

“Walii wa kumuoza Rahila ni mie,” Ridha akatangaza. “Mwana wa kwanza wa mke wa kwanza. Kwa Wafaransa hilo halina mjadala.”

“Hao si ndio waliomkata kichwa mfalme wao?” Bi Mwanapili akauliza.

“Yule Luis wa Kumi na Sita, shangazi. Kesi yake nyengine.”

“Kesi gani tena, yakhe, na kichwa kishaanguka?”

Shehe Mbarouk, aliyeitwa kuamua, akakohoa kuficha kicheko. “Ridha, weye na Rahila mmechangia baba tu. Hamdan kachangia naye baba na mama. Baba hayupo, babu hayupo. Walii ni Hamdan. Hapa hatutawazi mtu, tunaoza.”

Hamdan, kijana mpole kupita kiasi, akamgeukia. “Kaka, mie nakupa uwakala. Ozesha weye, nami nikae ubavuni pako.”

“Kubali, kaka Ridha,” Rahila akasema nyuma ya pazia. “Nataka sauti yako.”

Mtu mwenye akili angelia kwa furaha. Ridha akasimama kutoa darsa. Mwaka 1873, alisema, mrithi wa tawi kubwa alikuwa karibu kabisa kurudishiwa kiti, akakikataa kwa sababu walimtaka akubali bendera ya rangi tatu, naye akataka nyeupe ya mababu.

“Akapata nini?” Bi Mwanapili akauliza.

“Heshima! Tawi kubwa halipokei haki yake kwa hisani ya tawi dogo.”

“Haya, mfungieni heshima yake aende nayo.”

Siku ya nikahi Hamdan alimpitia dukani. “Twende, kaka. Watu washakaa.”

“Sema kwanza mbele yao kuwa haki ni yangu.”

“Siwezi kusema uongo msikitini, kaka.”

Akenda zake peke yake. Ridha akabaki kungojea ujumbe wa wazee waje kumbembeleza. Badala yake kipaza sauti cha msikiti kikakoroma, ikatoka sauti ya Hamdan, ikitetemeka mwanzo, kisha imenyooka: “Nimekuozesha dada yangu Rahila...”

“Mnyang’anyi!” Ridha akanguruma.

Muuza ndizi aliyekuwa akipita akashika mizani yake kwa hofu, akaharakisha. Dada yake Ridha kaolewa mtaa wa pili, naye kaikosa harusi kwa ajili ya watu waliokufa bila kujua kuwa kuna Pemba.