Jirani Nitamchagua Mimi

Kuna watu wakisema wanataka utulivu, ujue hawataki kuona watu. Mume wangu alianza kutaka utulivu mwaka biashara yake ya spea ilipomnyookea. Kabla ya hapo alikuwa akilala fofofo Nyakabiga, mtaa wetu hapa Bujumbura, mashine ya kusaga ikinguruma nyuma ya ukuta na kwaya ya kanisa ikifanya mazoezi mbele ya nyumba. Pesa zilipoingia, masikio yakawa laini ghafla. Akawa anaamka asubuhi anajishika kichwa kama mtu aliyelala sokoni.

Nyumba tuliyokuwa tunaishi ni ya mama yangu, aliyoachiwa na marehemu baba. Mume wangu alihamia pale tulipooana, akasema ni kwa muda tu. Huo muda ulizaa watoto, ukawasomesha, na mkubwa alipoanza kuota ndevu ndipo bwana akagundua kwamba mtaa una kelele.

Aliyemtia maneno masikioni alikuwa dada yake, wifi yangu, aliyeolewa Kinindo, mtaa wa wenye nacho. Huyo kazaliwa Buyenzi, nyumba ya matofali mabichi kama wenzake wote, lakini ukimsikia anavyosema "kwetu Kinindo" utadhani mtaa ule alikuja nao duniani. Akija kwetu alikuwa anaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, anauliza kama maji ya kunywa yamechemshwa. Chai yetu aliinywa miaka mingi bila kuuliza.

Kulikuwa na shida moja. Pesa za bwana zilitosha kuzungumzia nyumba ya mtaa wa matajiri, hazikutosha kuinunua. Ili zitoshe, ilibidi parseli ya mama, yaani kiwanja na nyumba yake, iuzwe. Mama akaitwa sebuleni, akaelezwa taratibu, kwa adabu nyingi, jinsi atakavyopata chumba chake chenye bafu ndani na bustani ya kupunga hewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Nyumba chagueni nyie. Jirani nitamchagua mimi."

Mume wangu akacheka. "Mama, jirani hachaguliwi. Unamkuta."

"Basi na parseli haiuzwi," mama akasema, akainuka kwenda kuangalia maharagwe yake.

Kwa hiyo ikawa hivyo. Tutatafuta nyumba, na mama ataangalia jirani. Alikuwa anajua anachokitoa. Alikuwa ameingia pale bibi harusi, na popote tutakapompeleka sasa ndipo atakapomalizia siku zake. Kwa mume wangu ilikuwa hesabu ya vyumba na nafasi ya magari. Kwa mama ilikuwa swali la nani atakayemjua.

Na mama alikuwa na namna yake ya kuujua mtaa. Ng'ambo ya barabara yetu aliishi mwenzake, mjane Mkristo aliyestaafu kazi ya serikali, ambaye tangu utotoni nilimwita Mama wa Ng'ambo. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, iliyochubuka pembeni. Idd ilivuka na pilau, Noeli ikarudi na kuku. Siku za kawaida ilikwenda na sombe, kisamvu chetu, ikarudi na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna kitu, unaweka hata ndimu mbili, unaweka chumvi. Ilikuwa imezunguka miaka mingi hivyo mpaka wenyewe walikuwa wanabishana ni ya nani, na kila mmoja alikuwa anasema ni ya mwenziwe.

Basi kila tulipokwenda kuangalia nyumba, mama alikaanga sambusa, akazipanga kwenye sahani, akafunika kitambaa, akapanda gari nazo. Sisi tukiingia kukagua vyumba, yeye anakwenda kugonga kwa jirani.

Aliyetutembeza alikuwa komisioneri mmoja, dalali wa nyumba, mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, asiye na hata baiskeli. Alikuwa anazunguka ndani ya gari letu, anamaliza mafuta tuliyoyapangia foleni tangu alfajiri, na njia nzima anatueleza nani ana nyumba wapi. Kila nyumba kwake ilikuwa ya balozi. Mume wangu alikuwa "shefu", mimi "madamu", na mama hakumpa jina lolote kwa sababu hakudhani ana sauti katika jambo hili. Aliyelea mwana na aulizwe kuhusu mwana. Huyu alimpita mwenye parseli akamshika mkono mkwe.

Alianza na Kajaga, ufukweni. Jumba la ghorofa, vioo vitupu. Akafungua geti, akasema, "Shefu, ona ziwa." Hakukuwa na haja ya kuambiwa. Ziwa lilikuwa limeshaingia ndani likatoka. Kuta zote zilikuwa na rangi mpya kuanzia sakafuni mpaka kiunoni, juu ya hapo rangi ya zamani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni mtindo, sasa hivi watu wanapaka rangi mbili. Na mume wangu, mtu anayeweza kukuambia kwa kunusa tu kama injini imewahi kuzama maji, akaitikia kwa kichwa kwamba kweli inapendeza. Utajiri ukimpanda mtu kichwani hushukia puani.

Mama alirudi na sambusa zake kama zilivyo. Nyumba ya kulia wenyewe wako Ulaya. Ya kushoto wenyewe wako Ulaya. Kwenye majani kulikuwa na mavi ya kiboko, makavu na mabichi.

"Mi nikiugua hapa," akamuuliza komisioneri, "nimwite kiboko?"

Kutoka Kajaga tukapandishwa Kiriri, mlimani, mahali ambapo watu wananunua nyumba ili waitazame Bujumbura kutoka juu, kana kwamba iliwakosea. Mama akagonga geti la jirani. Hakutoka mtu. Kwenye ukuta kulikuwa na kisanduku, kikakoroma, sauti ya mwanamke ikasema, "Leo hatutoi kitu, mama. Pita Ijumaa."

Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na mtandio wa kwendea harusini. Alisimama pale na sahani yake mkononi, akizungumza na ukuta kwamba yeye haombi, ameleta. Ukuta haukujibu. Alirudi kwenye gari, akafunua kitambaa, akala sambusa moja polepole, nyingine akatugawia. Mimi yangu niliirudisha chini ya kitambaa. Mume wangu alikula zake mbili, akasema labda ile mashine ni mbovu.

Mwisho tukaja Kinindo, ambako safari ilikuwa imepangwa kuishia tangu mwanzo. Wifi yangu alikuwa anatungoja na miwani ya jua usoni. Nyumba iko mitaa miwili kutoka kwake. Ukuta mrefu, juu ya ukuta waya, juu ya waya taa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini wifi yangu alitusimamisha mbele ya geti muda mrefu kuliko tuliotumia ndani. "Geti la umeme," akasema, na akalifunga na kulifungua mpaka nikahisi kizunguzungu.

Jirani alikuwa mfanyakazi wa shirika fulani. Mama hakumwona. Alimwona zamu, kama tunavyowaita walinzi wa nyumba hapa mjini, ambaye alipokea sahani kupitia mlango mdogo na kufunga. Tuliporudi baada ya wiki moja, zamu akatoa mkono, na mkononi kuna mfuko wa karatasi. Ndani mna sahani, imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Juu yake kijikaratasi kimeandikwa "Merci", ahsante ya Kifaransa.

Mume wangu alifurahi kama aliyepewa cheti. "Mama, umeona watu wastaarabu? Mpaka wameandika."

Mama akauinua mfuko, akautikisa. "Karatasi inaliwa?"

"Mama, watu wa huku wana utaratibu wao. Hawaingiliani. Ndiyo uzuri wake."

"Huku ni usafi tu, mama yangu," wifi akaongeza, "mtu hawezi kujua sahani ya mtu imetoka wapi." Huyo aliyekua akila kwa vidole kwenye sinia moja na watoto wa nyumba nne.

Mama alinigeukia mimi. "Na wewe unasemaje?"

Nikasema jiko ni zuri. Lilikuwa zuri kweli, lina dirisha linalotazama bustani na maji yanayotoka kwenye mabomba yote mawili. Mama akasema haya, kama mwanangu umeipenda, na parseli ikauzwa.

Siku ya kuhama, sahani yenye ukingo wa buluu ilikuwa ng'ambo. Nilitaka kwenda kuichukua. "Apana, iache," mama akasema. "Ina miguu. Itanifuata." Mama wa Ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, akasema ataileta mwenyewe, na haitakuja tupu.

Sasa nawaambia Kinindo ni nini. Ni ukuta, na ndani ya ukuta ni mtu anayeogopa, na nje ya ukuta ni zamu anayelindiwa na Mungu. Asubuhi mageti yanafunguka, magari yanatoka, mageti yanafungwa. Kama mafuta hayakupatikana, magari hayatoki, na watu wanakaa ndani wakisikiliza jenereta ya mwenzao. Nilikaa pale muda wa kutosha na sikujua jirani wa kushoto ni mume au mke. Utulivu upo. Hata makaburini upo.

Mama alijaribu. Alipeleka sahani nyingine kulia, ikarudi na Merci. Akapeleka kushoto, ikarudi na Merci. Akaacha. Akahamishia kiti chake karibu na geti, na kila nilipopita aliniuliza, "Hakuna mutu alikuja?" Nikamwambia hakuna. Wiki zikapita. Akaanza kusema kwamba mutu akihama amekufa, na mufu hapelekewi chakula. Alisema hivyo huku anacheka, lakini afya yake ilikuwa inapungua, na mtandio aliokuwa akiuvaa kila asubuhi kwa ajili ya mgeni akaacha kuuvaa.

Siku moja nikaenda Nyakabiga kwa fundi kuchukua nguo. Nikamkuta Mama wa Ng'ambo ameketi barazani anachambua sombe. Mwanamke huyu aliniogesha nikiwa mchanga, na maisha yangu yote aliniita mutoto wangu.

"Karibu, madamu," akasema.

Nikamuuliza kulikoni.

"Umwambie mama yako, mi siuzi ndagala."

Ndipo akanieleza. Mabasi hayakuwa na mafuta, akaja kwa miguu kutoka Nyakabiga hadi Kinindo, jua la mchana, sahani kichwani. Akagonga geti letu. Zamu wetu akamchungulia kwenye kitundu, akaona mama mzee, kitenge kimeloa jasho, sahani ya samaki. Akamwambia, "Hapa hatununui, mama. Endelea mbele." Akasema yeye ni rafiki wa bibi wa nyumba. Zamu akamuuliza kama ana randevu, yaani miadi. Alingoja kivulini mwa ukuta, akidhani mtu atatoka, kisha akarudi alivyokuja. Safari nyingine akajaribu tena, akajibiwa vilevile.

Mama alikuwa nyuma ya geti lile, kwenye kiti, jenereta ya jirani ikimzibia sauti.

Nilipofika nyumbani nikamwambia, maana jambo hilo halikuwa la kufichwa. Alikuwa anachagua mchele. Aliuweka chini ungo, akamwita zamu, akamuuliza bila ukali. Zamu akasema yeye hana kosa, ni amri ya shefu: asiyekuja na gari na hakupiga simu kwanza, haingii. Jioni mume wangu akathibitisha. Ni utaratibu wa mtaa, dada yake ndiye aliyemweleza, ni usalama wetu sote, na mama mwenyewe.

Mama akamwambia, "Kule Kiriri waliniona muombaji, nikanyamaza. Hawanijui. Lakini mwenzangu amekuja kwangu, na we umemufanya muchuuzi."

Kesho yake alifunga vitu vyake kwenye vitenge viwili. Sasa anakaa Nyakabiga, chumba cha uani kwa Mama wa Ng'ambo, na akitoka nje anaiona ile parseli yake, ambako aliyenunua amebomoa nyumba na anapandisha ghorofa. Mume wangu kinachomuuma ni watu watasema nini, mkwe mwenye jumba mama mkwe yuko chumba cha uani. Wifi yangu anasema ni uzee. Geti bado wanalifunga na kulifungua.

Nilimpikia mama pilau katika jiko lile zuri, nikampelekea kwenye sahani yangu. Alinipokea vizuri, akasema ahsante mwanangu, akanikaribisha chai. Wiki iliyofuata nikapita kumsalimia. Mezani ilikuwa ile sahani yenye ukingo wa buluu, ina ndizi za kukaanga, wazee wawili wanakula. Mama akainuka, akaingia ndani, akanitolea sahani yangu. Ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi, imeoshwa, imekaushwa. Nilichungulia mfukoni. Hakukuwa na hata kijikaratasi.