Vipele Tulivyovifurahia

Mwanangu, jana nimekuona ukimchambulia jirani vidonge kwenye lile kopo lako, nikaudhika mpaka chai ikanishinda. Nakumbuka Jumamosi moja pale kwetu Mtoni, Dar. Mie nimeishia la saba, labda naandika ovyo, lakini soma.

Nilikuwa msichana, na mdogo wangu Mwanaidi ana kikohozi. Nasi tulikuwa na kopo la maziwa, ndani yake vidonge vilivyobaki vya kila aliyewahi kuugua nyumbani. Nikachagua vile vikubwa vyeupe vilivyomponya baba. Kufika jioni uso wa Mwanaidi umejaa vipele. Mama na majirani wakafurahi, wakasema huo ni ugonjwa unatoka nje, aongezewe. Nikamwongezea. Siwalaumu, mkono uliotoa ni wangu.

Asubuhi midomo imevimba, ngozi ina malengelenge, macho hayafunguki. Tukambeba hospitali. Nesi akauliza amekunywa dawa gani.

"Vile vyeupe, vikubwa," nikasema.

"Binti, hata chaki ni nyeupe. Dawa inaitwaje?"

Sikujua. Pakiti tulishatupa. Akanituma nikalete kopo lote, nikakimbia nikilia barabarani. Akavipekua mezani, akatambua dawa ya salfa. Akauliza kama mtoto alishawahi kuwashwa na dawa. Kumbe alishawahi, alipokunywa dawa ya malaria yenye salfa hiyohiyo, nasi tukasema ni joto la Dar.

Mwanaidi alipona, ila jicho moja halioni vizuri mpaka leo. Akishona huniita, "Dada, njoo unitungie uzi, si wewe ndiye daktari?" Tunacheka wote. Mie sicheki sana.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo, ilimponya baba. Mwilini mwa Mwanaidi ilikataa, basi. Nawe mumeo akila kamba midomo inamwasha, halafu unamwambia anadeka! Hivi mnataka nini kitokee ndipo mwelewe?

Dawa yako usimgawie mtu. Ukiona vipele au uvimbe baada ya dawa au chakula, usiongeze hata punje. Wahi hospitali na pakiti mkononi, na pumzi ikibana usisubiri hata dakika. Kilichokukataa kiandike kwenye daftari la kliniki, ukitaje kila unapotibiwa, hata wakikuona msumbufu.

Lile kopo lipeleke duka la dawa leo, wakaviteketeze hivyo vidonge. Mungu awalinde wote wanaokula kutoka mkononi mwako, na mkono huo usije ukakusuta uzeeni kama wangu. Amina.